Kalamu Yetu: Sentensi Iliyovaa Makoti Matatu

Wanachama wenzetu na walimu wetu, salaam nyingi.

Safu hii kwa desturi hushughulika na Kiswahili. Tumewahi kubishana humu juu ya ngeli, juu ya tafsiri, na juu ya barua tunazowaandikia wazee nyumbani. Leo tunaomba ruhusa tuzungumzie jinsi ya kuandika nathari nzuri ya Kiingereza. Tunajua yuko atakayeguna na kuuliza kama Chama cha Kiswahili kimehama nyumba. Hakijahama. Ila sote tunaosoma jarida hili tunaandika insha, ripoti na tasnifu zetu kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho ndicho kinachotupa alama au kutunyima. Tena tumegundua jambo linalokihusu Kiswahili moja kwa moja: tunapoandika vibaya kwa Kiingereza, mara nyingi ni kwa sababu tumekikimbia Kiswahili chetu.

Tuanze na kisa chenyewe.

Muhula uliopita, katika kikao chetu cha kawaida cha chai na mandazi, dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili alikuja na sura ya tasnifu yake iliyorudishwa na msimamizi. Utafiti wake ni juu ya maji ya bomba katika mji mdogo wa kwao. Msimamizi hakukosoa sarufi hata mahali pamoja. Pambizoni mwa aya ya kwanza aliandika neno moja: "Who?" Aya ya pili: "Who?" Tulizihesabu "Who?" hizo katika kurasa mbili, zikafika tisa. Dada yetu aliweka karatasi mezani akasema, "Labda Kiingereza changu hakitoshi. Labda niache tu, nirudi nyumbani." Hakuwa anatania.

Tukaomba tusome. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "The procurement of water by the female members of the household is an activity which is predominantly undertaken during nocturnal hours." Tukaipitisha mkononi mwa kila mtu. Sarufi safi. Tahajia safi. Baadhi yetu tulisema waziwazi kwamba tungefurahi kuiandika sisi.

Kisha mmoja wetu akamwuliza, "Dada, hebu tuambie kwa Kiswahili. Hao wanafanya nini?"

Akajibu papo hapo bila kufikiri, "Wanawake huteka maji usiku, kwa sababu mchana bomba halitoi."

Kikao kikanyamaza kidogo. Tukalichukua jibu lile tukaliandika kwa Kiingereza lilivyo: "The women draw water at night, because by day the tap is dry." Sentensi ya kwanza ina maneno 21, ya pili ina 13, na hii ya maneno 13 inasema mengi zaidi. Ina wanawake, ina bomba, na ina sababu. Ile ya kwanza iliwageuza wanawake kuwa "female members of the household", ikaufanya usiku kuwa "nocturnal hours", na sababu ikaiacha nje kabisa. Tasnifu nzima inahusu bomba lisilotoa maji mchana, na katika ukurasa wa kwanza bomba lenyewe halionekani.

Mwanachama mmoja alisema sentensi ile ilikuwa kama mgeni aliyetoka Mombasa akashuka uwanja wa ndege Januari: amevaa makoti matatu, humjui ni nani mpaka avue. Jina hilo limebaki. Siku hizi tukisoma kazi ya mwenzetu tunauliza tu, "Hii ina makoti mangapi?"

Makoti haya tuliyapata wapi? Sehemu ya jibu imo katika historia ya Kiingereza chenyewe. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, kwa vizazi kadhaa wakubwa walisema Kifaransa, watu wa kawaida wakabaki na Kiingereza chao, na wasomi wakaandika Kilatini. Lugha zilipochanganyika, Kiingereza kilibaki na maneno mawili mawili kwa jambo moja: "begin" na "commence", "ask" na "inquire", "buy" na "purchase", "help" na "assist". La kwanza ni neno la nyumbani. La pili liliingia kupitia ikulu, kanisa na mahakama, na mpaka leo lina harufu ya ofisi. Sisi Waswahili tunaielewa hali hii vizuri, maana na sisi tuna "kuwaza" na "kutafakari", tuna "mganga" na "tabibu". Tunajua bila kufundishwa kwamba maneno hayo hayakai meza moja.

Sehemu nyingine ya jibu ni namna wengi wetu tulivyokutana na Kiingereza. Tuliosoma Tanzania tulimaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Neno la Kiingereza tulilikuta ubaoni kabla ya kulikuta mdomoni mwa mtu. Hatukulisikia likinunua vitunguu wala likimkemea mtoto. Tulilisikia katika mtihani. Basi tukaamini kwamba Kiingereza ni lugha ya mtihani tu, na kwamba anayejua maneno makubwa ndiye aliyesoma. Tulikuwa na madaftari ya maneno hayo, na aliyeweza kuingiza "nocturnal" katika insha alipigiwa makofi. Hatuwalaumu walimu wetu, walitufundisha walivyofundishwa. Lakini daftari lile tumelipanda nalo ndege, na sasa linatugharimu.

Tusijidharau, hata hivyo. Ugonjwa huu si wa wageni peke yao. Mwaka 1946 George Orwell aliandika insha juu ya siasa na lugha ya Kiingereza ambayo walimu wengi hapa bado huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika insha hiyo alichukua aya moja ya Biblia kutoka Kitabu cha Mhubiri, yenye mbio na vita na mkate ndani yake, akaiandika upya kwa Kiingereza cha wasomi wa siku zake. Vitu vyote vya kushikika vikatoweka, yakabaki maneno marefu yanayoelea hewani. Miaka miwili baadaye, 1948, Sir Ernest Gowers alitoa kitabu kiitwacho "Plain Words". Aliombwa na Hazina ya Uingereza akiandike kwa ajili ya watumishi wa serikali, kwa sababu barua zao kwa wananchi hazikueleweka. Watumishi hao walizaliwa na Kiingereza midomoni. Kwa hiyo dada yetu alipodhani Kiingereza chake hakitoshi, ukweli ni kwamba alikuwa amekishika barabara kile Kiingereza kibaya cha wenyewe.

Sasa tukirudi kwa Kiswahili. Tazameni neno moja tu: "wameyateka". Ndani yake mna watendaji, mna wakati, mna kitu kilichotendwa, na mna tendo. Kitenzi chetu hakikubali kutoka nje peke yake, lazima afuatane na mtu wake. Mtoto wa miaka mitatu akisema "amekula", tayari amekwisha jibu swali la "Who?" Kiingereza hakilazimishi hivyo. Unaweza kuchukua tendo, ukaligeuza nomino, ukaandika aya nzima ya "procurement", "utilisation" na "implementation" bila binadamu hata mmoja kuingia mlangoni. Hapo ndipo msimamizi anapoandika "Who?" mara tisa.

Mtu atasema, "Lakini hata Kiswahili kinaweza kufanya hivyo." Kweli kabisa, nasi tulijaribu. Tuliitafsiri sentensi ya dada yetu neno kwa neno: "Upatikanaji wa maji kwa upande wa wanakaya wa kike ni shughuli ambayo kwa kiasi kikubwa hufanyika katika nyakati za usiku." Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, kwa sababu sote tunaijua sauti ile. Ni sauti ya mgeni rasmi. Ni ndugu wa yule asiyegawa vyandarua bali "anaendesha zoezi la ugawaji wa vyandarua". Kwa hiyo tunaposema mrudie Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza, tunakusudia Kiswahili cha jikoni na barazani, kile unachomwelezea shangazi yako kazi unayoifanya huku ughaibuni. Cha jukwaani kiacheni jukwaani.

Wala hatusemi mtafsiri. Yapo mazoea yetu mazuri ambayo nathari ya Kiingereza ya chuo kikuu haiyapokei, na ni vizuri kuyajua ili tuyaache mlangoni pamoja na viatu.

La kwanza ni hodi ndefu. Sisi hatuingii katika jambo moja kwa moja. Tunasalimu, tunauliza hali, tunapita kwa mbali, ndipo tunasema kilichotuleta. Huo ni ustaarabu, na hata safu hii imeanza hivyo. Lakini insha zetu za Kiingereza nazo hupiga hodi: "Since time immemorial, water has been essential to human life." Msomaji wa Kiingereza anasubiri hoja. Amezoea kuikuta karibu na mlango, na asipoikuta anadhani haipo. Jaribio letu ni jepesi: funika aya yako ya kwanza kwa mkono, anza kusoma ya pili. Kama hakuna kilichopungua, ya kwanza ilikuwa hodi.

La pili ni kurudia kwa ajili ya uzito. Kwetu msemaji mzuri husema jambo, akalisema tena kwa neno lingine, na wasikilizaji wakaona raha. Katika insha ya Kiingereza, "aims and objectives" au "each and every" humfanya msomaji atafute tofauti isiyokuwapo. Chagua moja.

La tatu ni mnyororo wa "na". Simulizi zetu hubeba sentensi ndefu kwa "na", "akaenda", "akakuta", na viambishi vyetu vinatuonyesha nani ni nani njia nzima. Kiingereza hakina msaada huo. Baada ya "it" ya tatu na "they" ya nne msomaji amepotea. Weka nukta, utaje jina upya.

La nne ni "yeye" wetu asiyebagua mke wala mume. Wengi wetu, tukichoka, tunaandika "he" kwa mama na "she" kwa baba. Hilo si la mtindo, ni la kusahihisha tu, lakini tunalitaja kwa sababu limewaaibisha wengi wetu, nasi tumo.

Lazima pia tuwe waadilifu kwa walimu wetu wanaosoma hapa. Si kila neno refu ni koti. "Photosynthesis" ni istilahi, na mwanabayolojia hawezi kufanya kazi bila hiyo, kama fundi asivyoweza kufanya kazi bila randa. Vilevile kauli ya kutendwa si dhambi. Ukiandika "The samples were kept at four degrees", hakuna anayetaka kujua ni mkono wa nani uliofungua jokofu. Orwell mwenyewe, baada ya kutoa kanuni zake, aliongeza kwamba ni afadhali kuvunja mojawapo kuliko kuandika kitu kibaya. Swali la kujiuliza ni moja: je, msomaji anahitaji kujua nani alitenda? Akihitaji, mtaje.

Kujua haya yote hakumfanyi mtu aandike vizuri, kama vile kujua idadi ya mizani hakumfanyi mtu kuwa malenga. Panahitajika mazoezi, na zoezi tulilolichagua tumelichukua kwa Benjamin Franklin.

Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706, na alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa kujifunza kazi ya uchapaji kwa kaka yake. Shule aliyosoma ilikuwa kidogo sana. Akiwa kijana alibishana kwa barua na rafiki yake, na baba yake akazikuta barua zile. Mzee hakuingilia hoja. Alimwambia mwanawe kwamba katika tahajia na alama za uandishi yuko mbele ya mwenzake, faida ya kukaa kiwandani mwa uchapaji, lakini kwa uzuri wa maneno, mpangilio na uwazi ameachwa nyuma. Akamwonyesha mahali kwa mahali. Kijana alikubali, akaamua kujirekebisha.

Alipata juzuu moja iliyotengana na wenzake ya "The Spectator", gazeti la insha lililoandikwa London na Joseph Addison na Richard Steele mwaka 1711 na 1712. Alilipenda, akafanya hivi. Alichukua insha, akaandika kidokezo kifupi cha wazo la kila sentensi. Akaviweka vidokezo kando siku kadhaa mpaka maneno ya insha yakamtoka kichwani. Kisha akajaribu kuiandika upya kwa maneno yake kutokana na vidokezo vile. Alipomaliza alilinganisha yake na ya mwenyewe, akaona makosa yake, akayasahihisha. Wakati mwingine alivichanganya vidokezo ovyo, akaviacha majuma kadhaa, akajaribu kuvipanga tena, ili ajifunze mpangilio wa mawazo. Muda wake ulikuwa usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili.

Kuna jambo moja alilofanya ambalo lilitufurahisha mno sisi Waswahili. Aliona hana akiba ya kutosha ya maneno, basi akazichukua baadhi ya hadithi akazigeuza mashairi, na baada ya muda akayarudisha mashairi kuwa nathari. Sababu yake ni ile anayoijua kila aliyewahi kuhangaika na tarbia: mizani nane inataka neno la urefu fulani, kina kinataka neno la mlio fulani, na wewe unalazimika kulipekua ghala lako lote mpaka ulipate. Walio na mazoea ya vina na mizani miongoni mwetu wana sikio lililokwisha nolewa. Walitumie katika Kiingereza pia. Soma rasimu yako kwa sauti. Pale unapoishiwa pumzi, sentensi ni ndefu. Pale ulimi unapojikwaa, kuna koti.

Kwa majuma sita tulifanya zoezi hilo kila kikao. Tulichukua insha ya Orwell ya mwaka 1936 juu ya kumpiga risasi tembo huko Burma, aya moja kila juma. Tuliandika vidokezo kwa Kiswahili, jambo ambalo Franklin hakuwa nalo na sisi tunalo: kwa kuwa vidokezo ni vya Kiswahili, maneno ya Orwell hayawezi kujificha humo na kurudi kwa mlango wa nyuma. Juma lililofuata tuliandika aya kwa Kiingereza, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha.

Tulijifunza nini? Kwanza, aya zetu zilikuwa ndefu kuliko yake karibu kila mara, na urefu wenyewe haukuwa na kitu ndani. Pili, vile vijineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina na ambavyo kanuni za vitabu zimeshindwa kutuingiza, vilianza kueleweka. Unapoona mara ishirini kwamba mwandishi ameweka "the" mahali ulipoweka "a", unaanza kuhisi kwamba "the" humwambia msomaji, "kile tunachokijua mimi na wewe". Tatu, tuliona kwamba sentensi nzuri ya Kiingereza huweka uzito mwishoni. Rudini kwenye bomba la dada yetu. Unaweza kuandika "the tap is dry by day", na si kosa. Lakini "by day the tap is dry" inaishia kwenye ukavu wenyewe, na neno hilo linabaki sikioni. Hatukuambiwa na kitabu. Tulilisikia tulipozisoma zote mbili kwa sauti.

Wapo waliouliza kama haya yote yana maana siku hizi, wakati programu za kompyuta zinaweza kukunyooshea ukurasa kwa dakika moja. Hatutaki kuhubiri, kila idara ina taratibu zake na kila mtu azisome. Tunasema tu tulichokiona. Tuliipa programu moja ile sentensi ya makoti matatu. Ikairudishia makoti mengine mapya, yanayokaa vizuri zaidi. Haikuweza kumweka bombani mtu ambaye mwandishi hakumtaja, wala haikuweza kujua kwamba bomba ni kavu mchana. Hilo alikuwa nalo dada yetu peke yake, kwa Kiswahili.

Wengine wanaogopa kwamba hata wakijitahidi vipi wataonekana wageni tu. Joseph Conrad alizaliwa Mpolandi mwaka 1857, Kifaransa kikawa lugha yake ya pili, na Kiingereza akaanza kujifunza ukubwani, miongoni mwa mabaharia. Lafudhi yake ilibaki nzito mpaka mwisho, lakini vitabu vyake vinasomeshwa katika idara za Kiingereza. Karibu zaidi nasi, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alifika nchi hii akiwa kijana, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa riwaya alizoandika kwa Kiingereza. Hakukificha Kiswahili chake ili kuzipata sentensi zake; maneno ya kwetu yanatembea ndani ya riwaya zile. Na kama mnataka kielelezo cha insha katika lugha yetu wenyewe, Shaaban Robert alitoa "Kielezo cha Insha" mwaka 1954. Atakayekiazima maktaba akirudishe, wengine tunakisubiri.

Tumalizie kisa cha dada yetu. Aliiandika sura ile upya, na kila sentensi alijiuliza lile swali la pambizoni. Alifika mahali alipokuwa ameandika "The supply is subject to frequent interruption." Nani anayeukata mkondo? Akatuambia kwa Kiswahili, "Maji hukatika." Na Kiswahili, tukiri, hapo kilimruhusu kukwepa. Tukamwuliza, "Hukatika yenyewe?" Akanyamaza. Hakuwa anajua. Alikuwa ameandika kurasa 30 juu ya bomba lile na hakuwa amejua.

Usiku ule alimpigia simu mmoja wa akina mama aliowahoji. Mama akamshangaa: mbona kila mtu anajua? Kuna koki njia panda. Asubuhi hufungwa ili maji yapate nguvu ya kupanda mtaa wa mlimani, na jioni hufunguliwa. Mabomba ni yaleyale ya zamani, mji umekua, na nguvu ya maji haitoshi mitaa yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wanawake wa mtaa wa chini huteka maji usiku. Hakuna aliyemficha. Yeye ndiye hakuwa ameuliza, kwa sababu "interruption" ilikuwa imeketi mahali pa swali.

Sura ile mpya ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na alama chache za "the" zilizokosekana, na pambizoni mwa aya ya koki maneno haya: "Now I see it." Dada hajarudi nyumbani. Atakwenda likizo ijayo, kuipima koki.

Kwa wale watakaopenda kujaribu, utaratibu wetu ni huu. Chagua aya moja ya mwandishi unayempenda, ya fani yako ikiwezekana. Andika kidokezo cha kila sentensi kwa Kiswahili cha nyumbani. Iache juma zima. Iandike kwa Kiingereza bila kuchungulia. Linganisha, na uandike kando tofauti tatu tu, si zaidi, maana mtu hawezi kubeba zaidi ya hizo. Kisha chukua ukurasa wa kazi yako mwenyewe, na kila penye nomino iliyomeza tendo, uliza: nani?

Kikao kijacho kila mwanachama aje na ukurasa mmoja wa kwake, jina limefunikwa ukipenda. Walimu wetu nao wanakaribishwa, na kurasa zao pia. Chai ipo, mandazi yapo, na kalamu nyekundu tumeziacha nyumbani.

Hadi toleo lijalo, tuandike.